Viti Viwili Mbele ya Miksa

Studio yangu ina viti viwili mbele ya miksa. Wateja wakiingia hukikimbilia kile cha pili, chenye mto wa kitenge, wakidhani ni cha mgeni, na mimi huwawahi kabla hawajakaa. "Hicho cha mke wangu," nawaambia. Basi siku wakimkuta mwenyewe amekikalia, mama wa makamo na mabuti yake ya shambani yaliyoganda udongo, hunitazama mara mbili. Mke wangu wa ndoa yupo nyumbani, anajua habari zote, na ndiye aliyeushona huo mto.

Huyu wa kwenye kiti ni bibi yangu. Amenizidi miaka saba tu, lakini ukoo hauhesabu miaka. Babu yake baba yangu alioa tena uzeeni akamzaa yeye, kwa hiyo ni shangazi wa baba, na kwangu mimi ni bibi. Nusu ya ukoo wetu ipo msikitini na nusu ipo usharikani. Mimi ni wa upande wa msikiti, yeye anaimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao huko juu, na kwenye msiba tunakula sinia moja. Na kwetu bibi na mjukuu ni watani. Ananiita mume wangu, namwita mke wangu, na anaweza kuniambia lolote mbele ya yeyote bila mimi kuwa na ruhusa ya kununa. Nayasema haya mapema kwa sababu utani huo ndio ulioniokolea kazi, na kazi yenyewe ndiyo maisha yangu. Shamba sijui kulima hata tuta moja.

Studio ni chumba kimoja nyuma ya duka la mama mshonaji, hapa Lushoto mjini. Ukutani nimegandika trei za mayai, juu yake nikapigilia mablanketi, moja la pundamilia na moja la maua. Miksa niliinunua imetumika, nilipokuwa Dar es Salaam, nikaipandisha milimani juu ya basi ikiwa imefungwa ndani ya godoro, na njia nzima nilikuwa nimetoa kichwa dirishani kuangalia kama bado ipo. Ina njia ishirini na nne za kuingizia sauti. Kila njia ina vitufe vyake vya kuzungusha, na chini kibao kidogo cha kusukuma juu au chini, nami nimebandika plasta nikaandika kwa kalamu: sauti ya kwanza, sauti ya nne, kinanda, ngoma. Kando ipo kompyuta yenye programu ya kurekodia, ambamo kila sauti inajichora kwenye mstari wake, ikivimba mtu akipaza na kusinyaa akinyamaza. Mtu akiimba vibaya naweza kumkata, kumsogeza, kumrudisha. Mpishi na chungu chake, ndivyo ninavyojiona nikikaa pale.

Wanaokuja ni kwaya za huku juu, vikundi vya kaswida kutoka Mnazi, kule tambarare kwenye joto, wanaopanda wakitetemeka kwa baridi yetu hata kabla ya kushuka garini, na vijana wenye biti zao kwenye simu. Mvua ikinyesha juu ya bati tunasimamisha kila kitu na kunywa chai. Nawapenda watu hawa. Lakini sitawadanganya, mimi ni mkali. Niliwahi kutoa nje kwaya nzima kwa sababu simu ya mtu mmoja ililia katikati ya ubeti, na mwenye simu alikuwa mchungaji. Naye alitoka, akasimama kwenye manyunyu pamoja na wenzake, akarudi akaniambia samahani fundi.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu, na nauita ugonjwa kwa upendo. Watu wa huku wana adabu mno. Ukishaitwa fundi, basi umekwisha kuwa fundi. Hakuna atakayekuambia umekosea, hasa ukiwa mtu mzima na hasa ukiwa mkali. Watakuamkia, watakupa pole na kazi, watakwambia "hongea", ambalo ndilo neno letu la asante na pongezi kwa pamoja, kisha watakwenda zao wakiwa na dukuduku moyoni.

Mfano ni habari ya nyenje. Zamani jioni ikikaribia, nyenje wa msitu walikuwa wakilia mpaka huwezi kumsikia mwenzako. Miaka ya karibuni wakanyamaza. Nilikasirika! Nilisema sokoni, nikasema kwa kinyozi, nikasimama mpaka kwenye mkutano wa mtaa nikagomba kwamba miti imekatwa ovyo, nyenje wamekimbia, wanetu watakuja kuwaona kwenye vitabu. Mkutano mzima uliniangalia, kisha mwenyekiti akasema, "Ni kweli fundi, mazingira tuyatunze." Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nimeridhika sana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kwaya ya kina bibi walikuja kurekodi nyimbo kumi. Walikuwa wanajenga kanisa jipya, na walitaka nyimbo hizo zipigwe siku ya kuliweka wakfu, wageni wakiwa wanakula. Tulifanya kazi siku nne. Nilijaribu kuwatenga, kila sauti peke yake na hedifoni masikioni kama nilivyofundishwa, nikashindwa, maana mama wa sauti ya pili hajui anaimba nini mpaka mzee wa sauti ya nne amngurumie ubavuni. Nikawaacha wasimame walivyozoea, bega kwa bega, nikapachika maikrofoni mbele ya kila kundi. Wakaimba, jamani, wakaimba vizuri mpaka mshonaji alisimamisha cherehani.

Walipoondoka nikabaki kumiksi. Sauti ile niliiona nzito, imefunikwa, kama vile wanaimba ndani ya gunia. Nikazungusha vitufe vya sauti za juu. Bado. Nikaongeza tena, kisha nikaongeza kwenye kompyuta pia, mpaka nikaridhika kwamba sasa gunia limetoka. Nikawapa kwenye fleshi.

Mara ya kwanza zilipigwa sikukuu yao ya mavuno. Nilialikwa, nikakaa mbele pamoja na wazee. Mikungu, maboga na mafungu ya karoti yalipangwa madhabahuni, na nyimbo zangu zikatoka kwenye spika mbili kubwa. Watoto wamekaa mkekani mbele kabisa. Wimbo wa kwanza haujafika mbali, kibinti kimoja chenye gauni la njano kikaziba masikio kwa viganja. Wa pembeni yake naye akaziba. Mara mkeka mzima wameziba masikio, wamekunja nyuso. Nikaona aibu kwa ajili ya wazazi wao. Niliinuka, mimi mgeni, nikawakemea: "Toeni mikono! Ndiyo heshima gani hiyo?" Wakatoa. Wakakaa hivyo hivyo mpaka mwisho, wamefumba macho. Baada ya ibada watu walipanga foleni kunishika mkono. Hongea fundi, hongea sana. Mwalimu wa kwaya, mzee aliyefundisha nyimbo tangu mimi sijazaliwa, naye akanishika mkono, akaniambia hongea, akatazama pembeni.

Wiki mbili baadaye, mchana, bibi akaja studio. Alikuwa na kapu la karoti na plamu, na mabuti yake yale. Nikafurahi.

"Mke wangu! Leo umenikumbuka."

"Nakukumbuka kila siku, ndiyo maana nimekonda," akasema. Akaweka kapu chini, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, maana siku hizo kiti kilikuwa kimoja. "Mume wangu, nimetumwa."

"Na nani?"

"Kwaya. Tumekaa kikao. Tumekaa vikao viwili, cha kwanza kila mtu alikohoa tu. Kila mtu aliona hawezi kukwambia. Mwalimu akasema, jamani, si yupo mtani wake? Basi nimekuja." Akavuta pumzi. "Ile kazi uliyotufanyia ni mbaya. Inachoma masikio. Nyumbani kwangu nikiipiga, mbwa anatoka nje."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa kawaida.

"Sicheki, mume wangu. Na sisi si wa kwanza. Wewe ni kiziwi."

Loo! Niliwaka. Kununa kwa mtani ni mwiko, lakini mimi sikununa, nililipuka. Nilimwambia yeye anajua kupanda kabichi, anajua nini juu ya sauti? Nikamwambia nimesomea kazi hii, nimekaa Dar miaka kumi na mbili na hedifoni kichwani, yeye hata redio yake ina betri za kuanika juani. Aliniacha nimalize. Kisha akanishika mkono, mkono wake una sugu kama gome, akanitoa mpaka nje, nyuma ya studio, mahali mlima unapoanza.

"Unawasikia nyenje?"

"Nyenje gani? Nyenje si walikwisha..."

Sikumalizia. Alikuwa ananitazama kwa huruma, na kwa bibi yangu huruma ni kitu nisichokizoea.

"Wapo," akasema taratibu. "Wanalia sasa hivi. Hawajaondoka hata mwaka mmoja, mjukuu wangu. Wewe uliposimama mkutanoni kugomba, walikuwa wanalia mpaka mwenyekiti alikuwa anapaza sauti."

Hakuniita mume wangu. Aliniita mjukuu, na hilo liliniuma kuliko lile la uziwi. Nikamwambia aondoke. Nasikitika kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyosema: ondoka, na kapu lako. Aliondoka. Kapu akaliacha. Alipofika kwenye kona aligeuka akasema, "Kanisa linawekwa wakfu wiki tatu zijazo. Wenzangu wanataka kwenda kurekodi upya Tanga. Nimewaomba wasubiri jibu lako mpaka Jumapili."

Nilirudi ndani nikafunga mlango. Ile programu inaweza kutoa mlio mmoja mtupu, kuanzia mnene wa chini kabisa mpaka mwembamba wa juu, unaupandisha kwa kidole unavyotaka. Nikauwasha kwenye spika. Ulianza kama ng'ombe. Nikaupandisha ukawa filimbi. Nikaupandisha tena ukawa mwembamba, mwembamba, kisha ukakata. Nikaangalia skrini: mstari bado unakwenda, mnene, umejaa rangi. Nikajua spika imekufa. Nikabadilisha spika. Nikabadilisha waya. Nikaongeza sauti. Mstari unakwenda, mimi sisikii kitu, nikaongeza mpaka mwisho.

Mlango ulisukumwa kwa nguvu. Mama mshonaji alikuwa amesimama pale na tepu shingoni, viganja vimeziba masikio, anapiga kelele, "Fundi! Unatuua, fundi! Zima hicho kitu!"

Nikazima. Akashusha mikono. Kwangu mimi chumba hakikubadilika hata kidogo, kimya kile kile kilichokuwepo kabla hajaingia. Nilikaa chini sakafuni, nikalia mbele ya mama wa watu, na yeye hakujua afanye nini, akanimenyea plamu. Kwa hilo pia nashukuru. Hakuuliza kitu, alimenya tu na kunipa, vipande vipande, kama mtoto mgonjwa.

Kesho yake nilishuka hospitali kubwa. Daktari wa masikio aliniweka ndani ya kijumba kidogo, akanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Baadaye akanionyesha mchoro. Mstari ulikwenda sawasawa, kisha ukaporomoka kama barabara ya kutoka Soni kwenda Mombo. Masikio yote mawili. Aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi kwenye kelele. Nikamweleza habari za Dar, jinsi tulivyokuwa tukishindana nani anaweza kufungua hedifoni mpaka mwisho na asizivue. Akatikisa kichwa. Alisema kilichokwenda hakirudi. Kuna vifaa vya kuvaa vinavyosaidia mazungumzo, lakini kwa kazi ya kupima nyimbo nisitegemee, na kilichobaki nikitunze.

Njiani kurudi nilihesabu. Nyimbo ngapi nimezifanya namna ile? Vikundi vingapi viliniambia hongea? Wale wa kaswida walioacha kuja, mimi nikisema watu wa Mnazi hawana shukrani. Kijana mmoja wa biti aliyeniuliza kwa upole, "Fundi, hapa haijazidi?" nami nikamwambia akamiksi kwao. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, lakini mimi maradhi sikuyaficha. Nilifichwa mimi, na wilaya nzima.

Niliwaza kuuza miksa. Naomba nieleweke, sikuwaza kwa hasira, niliwaza kwa akili timamu. Fundi wa sauti asiyesikia ana biashara gani? Mke wangu ndiye aliyeniuliza kwanza, "Umeshamwomba radhi bibi?" Nikamwambia bado. "Basi anza na hilo, ya miksa yatafuata."

Jumamosi nilipanda kijijini na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Nilimkuta shambani anapunguza miche ya karoti, ameinama, hakuinuka.

"Shikamoo bibi."

"Leo shikamoo? Umekuja kuniposa upya?"

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikosa adabu."

"Ulikosa. Sukari kilo ngapi?"

"Mbili."

"Ungetukana kidogo zaidi ningepata tatu," akasema, akanyoosha mgongo, akacheka, na mimi nikacheka nikiwa nimeshikwa na machozi. Nikamweleza yote, mlio uliokata, mshonaji, daktari. Nikamwambia nauza vyombo.

Akainama tena kwenye miche. Alikuwa anang'oa mche mmoja anauacha mmoja, anang'oa, anauacha.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema. "Mikono unayo?"

"Ninayo."

"Unajua kitufe kipi kinafanya nini?"

"Najua vyote."

"Basi mimi nina masikio. Mimi nimepungukiwa, na wewe umepungukiwa, tuchange."

Nilimwambia haiwezekani, kazi hii ina lugha yake, atajuaje kunieleza? Akaniambia nimekwisha kuanza tena.

Lakini kabla ya yote ilibidi niende kwa mwalimu wa kwaya. Nilimwamkia, nikakaa, nikasema mwenyewe kwa mdomo wangu: sisikii sauti za juu, niliwaharibia kazi, naomba nafasi moja, mkiona bado nendeni Tanga na mimi nitawasindikiza stendi. Yule mzee aliinamisha kichwa. "Sisi ndio tuliokosa," akasema. "Nilikwambia hongea huku moyo wangu unakataa. Nilikuheshimu mpaka nikakuacha upotee." Alikuwa na aibu kuliko mimi, na mwenye kosa ni mimi. Akanipa wiki mbili.

Bibi alikuja Jumatatu, kisha kila mchana akimaliza shamba. Nilimwekea kiti. Siku ya kwanza ilikuwa vita. Nikipiga wimbo anasema, "Ina mchanga." Mchanga gani? "Mchanga! Kama mboga isiyooshwa, inakwaruza." Nikasimama nikazunguka chumba. Mchanga! Ningekitoa wapi kitufe cha mchanga? Yeye ametulia, anakula plamu.

Ndipo nikakaa, nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, nikamsikiliza. Nilichukua kitufe kimoja kimoja, nikapunguza kidogo, nikamuuliza. Bado. Nikasogea. Bado. Nikasogea tena, akainua mkono. "Hapo. Hapo umeosha." Nikatazama skrini. Ilikuwa ni pale pale ambapo mstari wangu wa kwa daktari uliporomokea. Nikachukua plasta, nikaandika MCHANGA, nikabandika.

Basi tukaenda hivyo. "Inawasha" ikapata plasta yake, ndizo zile sss na sha za mwisho wa maneno, ambazo mimi nilizipandisha mpaka zikawatoboa watoto masikio. "Imeungua chini" ilikuwa ni mngurumo wa sauti ya nne ukizidi. Siku moja alisema, "Hapa pamebanana, punguza miche," na kwa mara ya kwanza sikuhitaji kuuliza. Nilishusha kinanda, nikasogeza sauti ya tatu upande wa kushoto, akapiga kofi paja lake. "Mume wangu, kumbe una akili!"

Yapo mambo aliyoyasikia ambayo hata masikio yangu mazima yasingeyasikia. Katika wimbo wa sita alinisimamisha. "Dada wa mwisho kulia alikuwa na mafua siku ile. Usimfiche. Ukimfunika, na mimi nitapotea, maana huwa namfuata yeye." Nilikuwa nimekwisha kumkata yule dada kwa sababu mstari wake ulionekana dhaifu kwenye kompyuta. Nikamrudisha. Nilimrudisha kwa kuamini tu, bila kujua nimerudisha nini.

Siku ya mwisho alisikiliza nyimbo zote kumi amefumba macho, mikono mapajani. Zilipokwisha nikamuuliza, "Vipi?"

"Nipo kwenye kwaya," akasema. "Nimesimama mahali pangu."

Nikatoa fleshi kwenye kompyuta, nikampa yeye aipeleke.

Kanisa likawekwa wakfu siku ya jua, jua letu lile la milimani linalong'aa bila kuchoma. Nilikaa chini ya turubai na wageni. Bibi ni bibi, niliwaza, anaweza kukosea, anaweza kunionea huruma. Na mimi sikuwa na namna yoyote ya kujua. Kitu kilichokuwa kwenye zile spika kilikuwa kazi yangu, na nusu yake sikuwa nimewahi kuisikia.

Pilau ikapakuliwa. Watoto wakakalishwa mkekani mbele ya spika, kama kawaida ya watu wa huku kutowafikiria watoto. Kibinti cha gauni la njano kilikuwepo, na gauni lile lile. Kiliniona, kikanikumbuka, kikashusha macho. Kilikumbuka kukemewa. Kwa kweli niliona haya.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Kwangu mimi ulisikika umefunikwa, unatoka ndani ya gunia lile lile, na kila mshipa wangu ulitaka kukimbilia miksa na kuongeza. Nikakaa juu ya mikono yangu. Kibinti kikainua kiganja, kikakipeleka juu kuelekea sikioni. Kikajifuta wali shavuni, kikarudisha mkono sahanini.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na upawa. "Mume wangu, kula, chakula kinapoa," akasema.

"Bibi, hebu niambie kweli. Ipo sawa?"

"Unaniuliza mimi? Waulize hao," akasema, akaelekeza upawa mkekani.

Nimekaa na kazi hii miaka mingi, na bado bibi anakuja kila kunapokuwa na kwaya, na kaswida pia, na wale wa Mnazi wamerudi, nao wamejifunza kumwamkia yeye kwanza kabla yangu. Plasta zimejaa kwenye miksa mpaka fundi mmoja mgeni aliniuliza hiyo ni lugha gani. Nyimbo zile kumi mimi sijazisikia zote mpaka leo, na sitazisikia. Lakini siku ile nilihesabu watoto tisa mbele ya spika zangu, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na mikono yote kumi na minane ilikuwa kwenye pilau.